Rangi Isiyotoka Kwenye Kopo

BATA: Haloo? Nani mwenzangu?

KINYONGA: Ni mimi, Kinyonga. Fundi wako wa rangi.

BATA: Ah, fundi. Umenichunia tangu juzi. Hujambo?

KINYONGA: Sijambo, mama. Mikate nayo?

BATA: Mikate haijambo, mwokaji ndiye roho juu. Kesho nafungua duka na ukuta bado mweupe. Rangi iko wapi?

KINYONGA: Ndiyo maana nimekupigia. Haitoki.

BATA: Haitoki kwenye kopo?

KINYONGA: Haitoki kwangu. Wenzangu wana vibao vya kuonyesha rangi, mimi sampuli ni ngozi yangu. Na wewe ulichagua ile—

BATA: Ile ya juzi, umekaa jikoni kwangu. Ya chungwa, yenye wekundu kwa mbali.

KINYONGA: Basi kuvuka kidimbwi tu, nimeshageuka kijani.

BATA: Si ukae juu ya chungwa?

KINYONGA: Nimekaa. Nimekaa na juu ya boga. Nikajaribu kofia ya jirani yangu Kobe, naye akaondoka nayo kwenda sokoni, mimi nikiwa juu.

BATA: [anacheka] Mmefika lini?

KINYONGA: Leo. Ndiyo huko kuchuniwa unakolalamikia.

[Mtandao unakoroma.]

BATA: Hebu sikia. Juzi ulikalia nini?

KINYONGA: Kigoda chako.

BATA: Kigoda changu ni cheusi, fundi.

KINYONGA: Naam. Cheusi.

BATA: Ukuta mweupe, na mimi mweupe mpaka mkiani. Rangi ile uliitoa wapi?

KINYONGA: Mtandao unakatika, ma—

BATA: Haukatiki. Nasikia unavyomeza mate. Nilikuwa nafanya nini?

KINYONGA: Ulinimegea mkate wa moto. Ukaupuliza kwanza, usiniunguze. Sijawahi kupuliziwa kitu mimi.

BATA: Mbona hukusema?

KINYONGA: Niseme nini? Nimeitwa kupaka ukuta.

BATA: Ukuta nilishauamulia bluu. Kopo liko stoo tangu mwezi jana.

KINYONGA: Bluu? Sasa kwa nini uli— Mama—

BATA: Mama ndiyo nini tena?

KINYONGA: Subiri. Mkono wangu. Unaiva.

BATA: Mpaka wapi?

KINYONGA: Bega. Shingo— Salio linaniishia, ngoja nikachanganye kabla haijapotea—

BATA: Usichanganye huko. Njoo nayo hivyo hivyo, mikate ndiyo inatoka jikoni.

KINYONGA: Na ikipotea njiani?

BATA: Si nitapuliza te—

[Simu inakatika.]