Chemsha Mpaka Yabaki Nusu

Ndani ya basi la kwenda mjini Angul, Bibi Kuntala, aliyempakata mjukuu wake, alimwambia jirani yake wa kiti, "Maji ya kisima nayachemsha mpaka yabaki nusu. Ndivyo tangazo la kisimani linavyosema."

Mwenzake akaguna. "Weee, dada! Floridi ya kiwanda cha alumini iliyoingia kisimani haifi kwa moto. Unamkolezea mtoto sumu, meno yaote na madoa ya kahawia."

"Tangazo kaandika msomi!"

"Msomi gani? Nyati wangu wa maziwa anamshinda akili."

Aliyeliandika ni mimi, niliyeketi nyuma yao, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya usiku.

"Tumuulize babu huyu mwenye miwani," alisema Kuntala, akinigeukia.

Nilifungua kinywa nikiri. Basi likasimama.

"Ona meno ya babu yalivyo ya kahawia!" mwenzake akapaza sauti.

"Hiyo ni rangi ya tambuu tu," Kuntala akajibu, akashuka na mjukuu.

Tambuu sijaitafuna maishani.