Swali Lilipozidi Kuwa Gumu

Akina mama wenzangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa karibu na mlango, habari za mchana. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyoanguka mtihani wa kuingia shule ya biashara na jinsi nilivyourudia. Nitaeleza. Ila mnivumilie, kwa sababu bado nina hasira na sikuiacha nyumbani.

Mnanijua. Asubuhi napokea maziwa ya ushirika wetu hapa Kitale, na nia yangu ni kusomea usimamizi ili siku moja niuongoze ushirika huo. Shule niliyoitaka inataka upite mtihani unaofanywa kwa kompyuta. Kwa hivyo kila Jumamosi nilienda Bungoma kwa mwalimu wa tuisheni aliyesifiwa sana. Sitamtaja. Anayemjua anamjua.

Sasa nifuateni polepole. Sisi wote tulifundishwa kufanya mtihani kwa namna moja tangu tukiwa wadogo. Unapewa karatasi, unaipitia yote, unafanya maswali rahisi kwanza, magumu unayaruka, unayarudia mwishoni. Si ndiyo? Mwalimu huyu alitufundisha hivyo hivyo, tukawa wakali kweli. Mliniombea kanisani. Mlinipa kadi za kunitakia heri kama mtoto wa kidato cha nne, nikazibeba zote mpaka Nairobi.

Ndugu zangu, nawaambia, ile mashine haina karatasi ya kupitia. Inakupa swali moja. Usipolijibu, haikupi lingine. Nilitafuta mahali pa kuruka, hapakuwapo. Nikabaki napigana na swali huku muda unaenda. Tena nikipata moja, linalofuata ni baya zaidi. Nikasema moyoni, basi, hii kitu imeshajua mimi ni mjinga. Nikaanza kubonyeza majibu ovyo, na muda ukaisha maswali yakiwa bado yapo. Alama zilitokea hapo hapo mbele yangu.

Nilirudi Bungoma kumuuliza mwalimu nilikosea wapi. Alinijibu mbele ya darasa: "Mama, kichwa chako si cha hesabu. Si urudi tu kwa maziwa?" Wakacheka.

Nyumbani nako shemeji yangu hakuniacha. "Ati mama mzima anashindwa na kompyuta. Hayo ni mambo ya watoto wa Nairobi, bana."

Na baadhi yenu humu, mkipita kwangu mlishusha sauti kama mnapita penye matanga. Nawapenda, lakini hilo pia lilinikasirisha. Nilikuwa nimeanguka mtihani, sikuwa nimefiwa.

Siku moja nilienda kununua dawa ya kichwa katika duka lililo karibu na msikiti. Dada mwenye duka, aliyekaa pale mbele leo, aliniuliza kichwa kinauma tangu lini. Nikamwambia tangu mtihani. Nilipomweleza ni upi, akaweka dawa chini.

"Huo hata mimi uliniangusha, nikarudia," akasema. "Maswali yako yalikuwa yanakuwa magumu ama rahisi?"

"Magumu. Kila moja lilishinda lingine."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilikata tamaa."

"Dada yangu, hapo ulipaswa kucheka. Ukipata, mashine inakuongezea ugumu. Ukikosa, inakurudisha kwa rahisi. Ulikuwa unapita, halafu ukaacha."

Mnadhani nilifurahi? Nilikasirika mpaka kichwa kikaacha kuuma. Miezi yote ile nilikuwa nimefundishwa na mtu asiyejua mashine hiyo inavyofanya kazi, na bado akaniambia kasoro ni kichwa changu.

Tukaanza kujiandaa upya, mimi na huyu dada, kwenye kompyuta ya dukani, wateja wakipungua baada ya swala ya alasiri. Nikikwama, alisema, "Hilo limekushinda. Chagua jibu, twende." Kuliacha swali linishinde kulikuwa kugumu kuliko hesabu zenyewe. Nililelewa kumaliza kila kilicho kwenye sahani.

Mara ya pili, maswali yalipoanza kuwa mabaya, nilicheka kidogo, hata msimamizi akaniangalia. Nimepita, akina mama. Naanza shule muhula ujao.

Kisha nikaenda Bungoma. Niliomba ruhusa, nikalieleza lile darasa kama nilivyowaeleza nyinyi. Mwalimu akasema, "Mama, wewe ulipata bahati tu."

Msichana mmoja wa Sirisia, aliyekaa nyuma, akauliza, "Mwalimu, kwani wewe ulishaufanya?"

Akageuka kufuta ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Nawashukuru kwa maombi na kwa kadi. Za mara ya pili pia nilizibeba. Namshukuru huyu dada, ambaye hata si wa kanisa letu. Na ninachowaachia ni hiki: anayetaka kukufundisha mtihani, muulize kwanza kama amewahi kuukalia. Na mwenzenu akianguka, msimpite mkinong'ona. Ingieni, mkae, mmuulize maswali yalikuwaje.