Kupima Upepo kwa Teke

Ndani ya Noah ya abiria ya kwenda Machame, nikiwa kiti cha nyuma, nilimsikia Hafidhi, mfanyabiashara wa mjini Moshi, akimwambia mama aliyekaa naye kwamba kesho alfajiri angempandisha bibi harusi huku juu kwa gari lake. "Matairi nimeshayajaza leo mchana."

"Ulipima?"

"Niliyapiga teke, mama. Yako imara."

"Kumbe kipimo kiko kwenye kidole gumba cha mguu," mama alisema. "Mchana wa Moshi tairi limechemka, baba. Baridi ya Julai ikilishika, upepo unapungua. Kapime likiwa limepoa."

"Naendesha tangu ujana."

"Na teke halijawahi kukusomea namba."

Nilijiuliza kama teke hupima tairi au kiatu. Gari liliposimama, mama alishuka taratibu. "Mwambie bibi harusi aje na viatu vya kutembelea."