Shangazi wa Waliotoka Ndani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi yetu ya kuwasaidia waliomaliza vifungo kurudi uraiani, Shangazi anastaafu. Jina lake halisi analijua mhasibu peke yake.

Ushangazi huo alijipa mwenyewe. Kila alipompeleka mtu aliyetoka gerezani kutafuta chumba cha kupanga, alijitambulisha kwa mwenye nyumba kuwa ni shangazi wa mtu huyo. Mwenye nyumba mmoja, baada ya kupokea wapangaji kadhaa wa aina hiyo, aliuliza kwa upole kama katika ukoo wao yupo hata mmoja ambaye hajawahi kufungwa.

Ofisini alikuwa na amri moja. Mtu aliyetoka ndani akisimama mbele ya mlango wetu akingoja kufunguliwa, asifunguliwe. Wamezoea kufunguliwa na askari, alisema, sasa kitasa wakishike wenyewe. Mkurugenzi mmoja mgeni alimfungulia mtu kwa ustaarabu wake, akapewa somo pale pale mpaka chai yake ikapoa.

Tusidanganyane, kazi hii inachosha. Wapo waliorudi gerezani kabla hata viatu tulivyowanunulia havijachakaa. Shangazi aliwafuata huko huko, akarudi miguu imevimba, akaketi bila kuvua mkoba begani. Hakutulaumu, wala hakutupa maneno matamu. Alichoka pamoja nasi, na hilo lilitusaidia kuliko semina zote.

Kazi yake ya mwisho bado haijaisha. Yupo fundi seremala aliyetoka mwaka huu, analala kwenye stoo ya karakana. Mama yake ni mgonjwa na anamuulizia kila siku, lakini kaka mtu, mwenye nyumba anakougulia mama, amesema mdogo wake asikanyage pale. Basi kila Jumapili Shangazi huenda kuketi barazani kwa huyo kaka. Hasihi wala habishani. Mwanzoni alifungiwa mlango. Siku hizi analetewa kiti. Fundi hajamwona mama yake bado, na mama hali yake si nzuri.

Juzi alituambia kwamba kustaafu si kufa, Jumapili atakwenda kama kawaida. Hapana, Shangazi. Tumekaa, tumekubaliana, ingawa kila mmoja wetu alitamani mwenzake ndiye ajitolee. Ahsante kwa miaka yote hiyo. Pumzika, nyoosha miguu, afya na amani zisikuache. Jumapili hii kiti hicho tutakikalia sisi.