Felisia Kemilembe na Muziki wa Walio Hai

Marehemu Felisia Kemilembe Bashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa pili wa Mwalimu Yohane Bashaija na Mama Herieth.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini. Parokiani palikuwa na kinanda kimoja cha kukanyaga, na aliyechaguliwa kufundishwa alikuwa dada yake, Agripina. Felisia alipewa kazi ya kukifuta vumbi. Kila Agripina alipofanya mazoezi, yeye alikaa benchi la mbele akipiga kwa vidole juu ya ubao. Pasaka moja Agripina aliugua, na Felisia akapiga misa nzima. Agripina husema hadi leo, "Nilipopona niliambiwa kinanda kina mwenyewe."

Mwaka 1996, baada ya kidato cha sita, alipata ufadhili wa kusoma China. Alijifunza lugha kwa mwaka mmoja, kisha piano hapa Guangzhou, akahitimu mwaka 2001. Alifundisha, na alipiga katika kumbi ambazo wengi wetu tulizijua kwa picha alizotuma.

Tarehe 18 Oktoba 2003 alifunga ndoa mjini Bukoba na Bwana Anatory Kamugisha, mfanyabiashara wa nguo. Walipanga nyumba hapa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, na Mungu akawajalia binti mmoja, Kokusima. Baba Koku aliondoka asubuhi kwenda Kangle, kwenye karakana za nguo, kufuatilia mafundi, na alirudi jioni akimkuta mkewe ameipa piano uso na yeye amepewa mgongo. Alivumilia miaka sita. Siku moja ya mwaka 2009 marehemu alirudi kutoka kufundisha akakuta ukuta mtupu.

"Baba Koku, piano iko wapi?"

"Imetangulia nyumbani. Iko ndani ya kontena, pamoja na marobota ya jinzi."

"Imetangulia kufanya nini?"

"Kupumzika. Na sisi tupumzike nayo."

Kisa hiki kinajulikana kwa kila msafirishaji wa mizigo Guangzhou, na Baba Koku mwenyewe ameagiza kiandikwe. Marehemu hakugomba. Kwa kuwa hakuwa tena na piano ya kufanyia mazoezi, jioni zake alizipeleka kwa vijana waliokuwa wakitunga muziki mpya ambao hakuna aliyetaka kuupiga. Alisoma kazi zao, akawatafutia wapigaji, na akakodi ukumbi juu ya ofisi moja ya mizigo. Sharti lake lilikuwa moja: mtunzi awe hai, na awepo ukumbini ili aulizwe maswali. "Waliokufa wana wapigaji dunia nzima," alisema. "Hawa je?"

Jumamosi ya kwanza, Tahir wa ofisi ya chini alipaza sauti kwenye ngazi: "Dada Felisia, mmeanza kupiga au bado mnarekebisha vyombo?"

"Panda umuulize aliyetunga, amekaa hapa!"

Tahir alipanda, akauliza, na hakukosa Jumamosi nyingine. Baba Koku naye alikaa kiti cha nyuma, mikono kifuani. "Nilidhani nimeitoa piano nyumbani," alilalamika, "kumbe nimeingiza watu arobaini." Aliyemkera zaidi ni Bwana Lin, mtunzi ambaye kazi zake tatu ziliandikwa kwa heshima ya marehemu. "Lin amekuandikia mara tatu," alimwambia mkewe. "Mimi nimekuandikia meseji za mizigo tu." Mkewe alicheka. "Na hizo nimezihifadhi zote," alijibu, lakini Baba Koku hakutulia.

Oktoba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Watunzi walijaa wodini hadi Baba Koku akasimama mlangoni: "Leo ni zamu yangu." Alasiri hiyo marehemu aliushika mkono wa mumewe, akaanza kupiga kwa vidole juu yake, kama alivyopiga ubao wa benchi utotoni. Baba Koku aliuliza, kwa sauti ya ukali, "Ya nani hiyo?"

"Yako. Nimeitunga mwenyewe."

Ndiyo kazi pekee aliyowahi kutunga. Alifariki dunia tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi. Siku ya pili Bwana Lin alikuja msibani na karatasi za muziki, akaomba kwa unyenyekevu aonyeshwe vidole vilipita wapi, ili kazi ile isipotee. Baba Koku aliishusha mikono ya shati mpaka viganjani, akajibu kama wauza vitambaa wanavyomjibu mnunuzi: "Mei you." Hakuna.

Marehemu atasafirishwa kesho kupitia uwanja wa ndege wa Baiyun na kuzikwa Kamachumu. Piano yake iko parokiani huko tangu mwaka ule wa kontena, na Agripina ndiye atakayeipiga.

Ameacha mume, binti yake Kokusima, dada yake Agripina, wapwa wanne, na watunzi wasiopungua thelathini, wote wakiwa hai.

Apumzike kwa amani Felisia wetu, na Baba Koku atuvumilie tukisema wetu.