Tuliimba Juu ya Shimo

Bamama, bandugu yangu benye naaminia, leo sisimami hapa kama mutu ya kufundisha. Nasimama na haya. Munivumilie.

Munanijua, mi njo mwenye kuongoza maombi ya bamama. Nyumba yetu mu kartie ya Kasulo ilikuwa na sakafu ya sementi. Kila asubui nilikuwa naipangusa bila kuiwaza. Nani anamwambia Mungu aksanti juu ya sakafu? Nilikuwa naomba bintu bikubwa, naomba nyumba ya etaje, ya kupanda na ngazi. Sakafu ilikuwa tu pale.

Kisha bajirani bakaanza kuchimba kobalti, ile majiwe ya kuuzisha, mu nyumba zabo. Bwana yangu alikuwa anakataa. Mi njo nilimusukuma. "Tata, weye unalinda hii udongo kama kaburi ya babu yako?"

Akasema: "Mama, hii udongo njo inatushika."

Nikacheka. "Udongo inashika benye kufa. Siye tuko bazima."

Akachimba mu chumba yetu ya kulala. Shimo ikashuka, kisha ikageuka, ikapita chini ya saloni kama njia ya panya. Udongo ya shimo tulikuwa tunaificha mu chumba ya batoto, batoto banalala kwa jirani.

Siku moja zamu ya maombi ikafika mu nyumba yangu. Bwana akaniuliza: "Nisimamishe kazi?" Nikamujibu: "Endelea tu. Nitabaimbisha."

Bamama bakakuja, bakajaa mu saloni. Tunaomba, chini inasikika: ko, ko, ko. Mama moja ya mizaha akafungua jicho: "Mama, panya ya hapa inavaa biatu ya kazi?" Bote bakacheka. Mi nikasema: "Ni jirani. Tuimbe nguvu, shetani asitusumbue!"

Bandugu yangu, nawaambia, nilikamata jina ya Mungu nikafunika nayo sauti ya nyundo. Na bamama bakanisikia. Bakaimba, bakacheza, bakapiga miguu chini. Munajua vile tunapigaka miguu.

Sakafu ikapasuka. Ule mama ya mizaha akazama paka ku makwapa. Tukamuvuta, akatoka mweupe na vumbi. Hakucheka tena. "Kuko mutu chini. Nimesikia analia."

Bote bakaniangalia. Nikasema: "Ni bwana yangu."

Hakuna mwenye aliniuliza kitu. Bakakamata bifuniko ya sufuria, sahani, mikono, bakachimba. Mi nilibaki nimesimama, kinywa wazi, paka mama moja akanipa kifuniko: "Chimba, mama. Utalia kisha." Tukamutoa muzima. Kiuno ndiyo iliharibika. Ni ule ameikala kule nyuma na fimbo yake.

Magaribi ile, ukuta ya saloni ikaanguka. Ule mama mwenye alizama njo alitupeleka kwake, kartie ya Dilala, akatutandikia mukeka.

Asubui nikaamka, nikashusha muguu polepole, kama mutu anapima mayi ya muto. Sakafu ikanibeba. Nikaweka muguu ya pili. Ikanibeba. Nikalia.

Ule mama akaingia na fagio. "Unalia nini tena? Nyumba?"

"Hapana, mama. Sakafu yako inanibeba."

Akaniangalia. "Na yako, ilikuwa inafanya nini siku zote?"

Nikapokea fagio, nikapangusa sakafu yake polepole.

Sasa tunapanga kanyumba kadogo, chini ni udongo tupu. Kila asubui, mbele ya kuwasha mbabula ya makala, naweka mikono chini, nasema: aksanti Baba, sakafu imelala na siye, imeamuka na siye. Haya yangu haijaisha. Mukipiga miguu mu kuimba, mi naangalia chini.

Aksanti kwenu, bamama ya bifuniko. Aksanti kwako, mama ya mizaha, mwenye nilikusimamisha juu ya shimo na ukanipa mukeka.

Naomba kintu kimoja. Habari hii isibaki hapa. Mukirudi mu kartie zenu, muipeleke. Na kama munasikia mama anaimba nguvu kupita bote, mumuulize polepole: chini kwako, kuko nini?