Sauti ya Atieno Niliyoifungia Nyumbani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona mmejibu huku mkitazamana, na siwalaumu. Mwaka na zaidi sijakanyaga kanisa hili, na wengine wenu mlidhani nimehamia kwa binti yangu Akoth huko Nairobi. Sikuhama. Nilikuwa hapa hapa Kendu Bay, nyuma ya mlango wangu, nikilinda kompyuta.

Kwa wageni, mimi ni Mwalimu Odera. Nilifundisha kompyuta katika shule ya sekondari huko Migori mpaka nikastaafu. Mke wangu Atieno mlimjua kuliko mnavyonijua mimi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo hapa, amesimama pale kando ya dirisha. Miaka ile ya Migori yeye alibaki nyumbani, na kila asubuhi alinirekodia sauti kwa simu yake. Kuandika hakupenda. Alisema vidole vyake vinajua jembe na mwiko tu. Alinipa habari za kuku, akaniuliza kama nimekula, akanigombeza kwa ajili ya shati nililolisahau kwenye kamba, na mwisho akaanzisha wimbo, ubeti mmoja tu. Sauti zote nilizihifadhi kwenye mtandao, kwa kampuni moja inayotunza vitu vya watu. Akaunti niliifungua kwa namba ya Atieno, maana sauti zilikuwa zake.

Kisha Atieno akafa. Mlikuja, mkaimba, mkanisaidia kumzika, mkakunja hema, mkaenda makwenu. Nikabaki na nyumba. Ndugu zangu, nitasema wazi: nilikuwa mpweke. Nilipika ugali wa watu wawili kwa kusahau, halafu nikaula wote ili nisiuone ukibaki.

Simu yake nayo haikunyamaza. Watu ambao hawakuwa na habari walipiga wakimtaka, wenzake wa chama cha akiba, wanunuzi wa kuku, jamaa zake wa Mbita. Kila nikipokea, namzika upya. Siku moja nikaitoa laini, nikaivunja kwa meno, nikaitupa chooni. Simu yenyewe, nikiisha kufuta yote yaliyokuwamo, akapewa dada yake Adhiambo pamoja na nguo, kama ilivyo desturi yetu baada ya matanga.

Mwalimu mzima wa kompyuta, nilisahau laini ile ndiyo ufunguo. Simu yangu ilipoharibika nikanunua nyingine, nikaiomba kampuni initambue. Ikajibu kwamba imetuma tarakimu za siri kwa namba yangu. Namba ipi? Ile iliyo chooni. Nikawaandikia kwamba mwenye namba ni mke wangu na amefariki. Nikajibiwa na mashine. Ikanishukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa.

Siku hiyo nikafanya jambo la kichaa. Nilipiga namba ya Atieno. Ikaita, na mwanamke akapokea. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Kumbe laini isipotumika kwa muda, namba huuzwa tena. Mwenye namba sasa alikuwa Mama Boke, Mkuria anayeuza mahindi Ntimaru. Nikamweleza yote, nikamwomba anisomee tarakimu zitakazomfikia.

"Mzee, wewe ni tapeli," akasema kwa upole. "Tena matapeli wa siku hizi mna hadithi nzuri."

Akakata. Na alikuwa sawa. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto wa watu kwamba tarakimu za siri hazisomewi mtu kwenye simu.

Nikavaa koti, nikachukua picha ya harusi na kile kijitabu cha mazishi, nikaenda Ntimaru. Nilimkuta kati ya magunia yake. Akasoma kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akaitazama picha, akanitazama mimi, akanipa kigoda na uji. Ndipo akasema, "Haya, bonyeza hiyo simu yako." Tarakimu zikaingia kwake, akanisomea moja moja. Mlango ukafunguka. Sauti ya Atieno ikatoka pale sokoni: Wuon Akoth, yaani Baba Akoth, umekula?

Mama Boke hajui Kijaluo, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Nitumie hiyo moja. Watu wake bado wananipigia wakimtafuta. Acha angalau nijue ni nani wanayemtafuta." Nikampa shingo upande. Ilinisukuma aibu tu ya kumnyima mtu aliyeninywesha uji.

Nikarudi nimeapa. Sauti zote nikazihamishia kwenye kompyuta yangu nyumbani, nikaifungia sola na betri, nikaipanga inihudumie kwa simu popote nilipo bila kuomba ruhusa ya mtu. Ilikuwa kazi safi, siwezi kuikana. Halafu akaunti ya kampuni nikaifuta. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Sasa kampuni ni mimi."

Lakini kampuni ina walinzi wa zamu, na mimi nilikuwa peke yangu. Niliogopa wezi, nikaogopa mchwa, nikaogopa paa kuvuja. Jumapili mkienda ibada, mimi nilikuwa napanguza vumbi. Mazishi ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta sikwenda. Adhiambo akaja akaniomba, "Shemeji, tupe hata zile nyimbo tu, kwaya inamkumbuka." Nikamjibu kwamba kwaya ina midomo yake. Aliondoka bila kunywa chai, na mnajua kwetu maana yake ni nini.

Ndipo mvua za masika zikaja. Radi ilipiga mchana kweupe, ikaingia kwa waya wa sola. Nilisikia harufu ya plastiki kabla sijainuka kitini. Nakala yangu ya pili ilikuwa juu ya meza ile ile, kando ya ile ya kwanza. Nilipeleka zote kwa fundi Homa Bay. Alizifungua, akazifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

Siku tatu sikuwasha moto jikoni. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia mbele ya mimbari hii. Siku ya tatu simu ikalia, na kwenye kioo pakaandikwa Atieno. Jina lake sikuwahi kulifuta.

"Mzee," akasema Mama Boke, "nimesikia mvua imewapiga huko kwenu. Nikasema nikujulie hali."

Nikamwambia zimekwisha, hakuna hata moja.

"Si zote. Yangu ninayo. Hata jamaa yake mmoja wa Mbita alipopiga akalia, nilimtumia naye."

Nililia kama mtoto, ndugu zangu, na safari hii kulikuwa na mtu wa kunisikia. Sauti za miaka yote zilikwenda, ikabaki moja, ile niliyoitoa kwa kinyongo.

Sikuja kuwakataza kampuni, wala kuwakataza kuweka vitu vyenu nyumbani. Kampuni haikunijua, lakini radi ya kwangu isingeifikia. Nyumbani hakuna aliyenifungia mlango, nikajifungia mwenyewe. Sasa sauti ile iko kwangu, iko kwa kampuni kwa namba yangu na ya Akoth, na iko kwa watu. Namshukuru Mungu aliyenifungua kwa mkono wa mama aliyeniita tapeli. Adhiambo nimemwomba msamaha. Aliniambia niketi, akaweka chai. Nawe uliyejifungia na kitu chako, mwamini Mungu, kisha mwamini na jirani. Anza na mmoja.

Pasta ananionyesha saa, namalizia. Hapa huwa tunaambiwa tuzime simu. Leo ziwasheni, nitamtumia kila mmoja. Mtasikia kuku, na mtasikia nikigombezwa kwa ajili ya shati, msicheke sana. Mwisho anaanzisha wimbo, kisha ananyamaza akingoja kiitikio. Nimemsikiliza hivyo peke yangu muda mrefu, naye anangoja, na mimi kuimba sijui. Leo akinyamaza, nawaomba, mwitikieni.